Tindo za springi: zinapasuka kwenye ndoo ya maji au zinapinda kwenye jiwe. Kosa liko wapi?

nyundo_Igogo

Mwangaluka wakuu.

Naomba msaada wa wanaojua chuma na moto. Kazi ni kupasua mawe ya huku kwetu Mwanza, haya ya itale, au granaiti kama wengi wanavyoita. Tindo zinafuliwa hapahapa kwa koili ya springi ya gari dogo. Chuma kina unene wa milimita 14, kinanyooshwa, kinakatwa vipande vya sentimita 25, kisha ncha inafuliwa. Moto ni wa mkaa na feni. Tindo ikishakuwa nyekundu inazamishwa yote kwenye ndoo ya maji mpaka ipoe.

Zinaharibika kwa namna tatu. Nyingine zinatoa mlio "tin!" zikiwa bado majini, ukizitoa unakuta ufa mwembamba wa urefu. Nyingine zinatoka salama ila ncha inamegeka kama sahani ya udongo kwenye nyundo za mwanzo. Nyingine ncha inapinda tu. Chuma ni cha koili moja, mfuaji ni yule yule.

Kuna za nondo pia. Hizo hazishiki matiko kabisa, yaani ule ugumu wa kupasha na kupoza ghafla, hata maji yakitiwa chumvi.

Maswali yangu: kwa nini chuma kilekile kinaleta matokeo tofauti? Chumvi inasaidia au inaharibu? Mafuta machafu ya injini yanafaa? Na la mwisho, linahusu jiwe lenyewe: wanaowasha moto juu ya mwamba ili upasuke, kinachotokea ndani ya jiwe ni nini, na kokoto zake zinafaa kwa zege?

---

Mhunzi_Mabatini

Mkuu, umeuliza vizuri kwa sababu umetaja vipimo. Nitaanza na chuma, jiwe nawaachia wenye fani yake.

Chuma kikiwa kigumu mkononi mwako, atomu zake zimejipanga kama matofali ukutani, kwa mpangilio maalumu. Kikiwa cha baridi mpangilio huo unaitwa feriti, nao una nafasi finyu mno kwa kaboni: hata kwenye nyuzi 727 feriti haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 0.02. Kaboni iliyobaki inakaa pembeni, imeungana na chuma kuwa vijitabaka vigumu vya sementiti. Ukipasha moto kupita nyuzi 727 mpangilio unaanza kubadilika kuwa mwingine, osteniti, nao unameza kaboni yote ya springi yako. Chuma hakijayeyuka, bado unakishika kwa koleo, lakini ndani kimeshakuwa kitu kingine. Ni badiliko la hali kama barafu kuwa maji, isipokuwa hapa ni kigumu kinageuka kuwa kigumu kingine.

Sasa ukikipoza polepole, kaboni inapata muda wa kutoka tena na kurudi pembeni, chuma kinakuwa laini. Ukikipoza ghafla inanaswa ndani. Atomu zinajaribu kurudi kwenye mpangilio wa baridi, zinakuta kaboni imeziba njia, zinaishia kwenye umbo lililovutwa upande mmoja. Hiyo ndiyo martensiti, na ndiyo matiko yenyewe. Imepewa jina la Mjerumani Adolf Martens.

Kwa springi yenye kaboni asilimia 0.6 hivi, martensiti inaanza kuzaliwa karibu nyuzi 270 na kuendelea kadiri joto linavyoshuka. Na inapozaliwa chuma kinatanuka, ujazo unaongezeka kwa asilimia 3 hadi 4. Hapo ndipo mlio wako wa "tin" unapotoka. Ngozi ya nje inapoa kwanza, inageuka, inakuwa ngumu kama kioo. Moyo wa ndani unafuata baadaye, unatanuka, unaisukuma ngozi ambayo haiwezi tena kunyooka. Ngozi inapasuka kwa urefu.

Maji yana tabia mbaya hasa kwa chuma hiki. Ukizamisha chuma chekundu, kwanza kinavikwa blanketi la mvuke na kinapoa taratibu. Blanketi likivunjika, maji yanagusa chuma na kuchemka kwa fujo, na hapo ndipo joto linatoka kwa kasi kuliko wakati wote. Kwa mwinuko wetu, kama mita 1,140 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Maana yake ile fujo ya kuchemka inaendelea mpaka uso wa chuma ukaribie nyuzi 100. Yaani kasi inakuwa kubwa palepale martensiti inapozaliwa, chini ya 270, mahali ambapo ulitaka chuma kipoe kwa upole. Mafuta yanachemka kwenye joto la juu zaidi, kwa hiyo fujo yake inaisha mapema, na eneo la 270 kushuka linapitwa kwa utulivu. Tofauti ya maji na mafuta kwenye tindo yako ni hiyo. Mafuta hayana dawa yoyote ndani yake.

Chumvi: kilo 1 ya chumvi kwenye lita 9 au 10 za maji inavunja lile blanketi la mvuke haraka na kufanya upoaji uwe wa sawasawa, lakini unakuwa mkali zaidi. Inafaa chuma cha kaboni tupu kisichoshika matiko kirahisi. Springi ina kromi na silikoni au manganisi, inashika matiko hata kwenye mafuta, kwa hiyo kuiweka kwenye maji ya chumvi ni kuitafutia ufa. Kupasha maji moto nako hakusaidii, blanketi linakaa muda mrefu na unapata madoa laini katikati ya sehemu ngumu.

Nondo haina kosa lolote la mfuaji. Kaboni yake kwa kawaida haifiki asilimia 0.3. Hakuna cha kunasa.

Ncha inayomegeka kama udongo ina chanzo kingine: moto umezidi. Chuma kikikaa kwenye rangi ya machungwa iliyokolea au njano, chembe za osteniti zinamezana na kukua. Vunja tindo moja iliyoharibika, tazama pale ilipovunjika ukiwa juani. Ukiona vichembe vinavyometa kama sukari ya mezani, moto ulizidi. Chuma kilichopikwa sawa kinavunjika na uso wa kijivu, laini, kama majivu yaliyoshindiliwa. Na ile inayopinda, moto haukufika: sehemu ya feriti ilibaki, haikunasa kaboni.

Uzuri ni kwamba chembe kubwa zinatibika bila kutupa chuma. Pasha ncha mpaka ipite kidogo pale sumaku inapoacha kuvuta, itoe, iache hewani ipoe mpaka iwe nyeusi kabisa. Rudia mara tatu. Kila inapovuka lile badiliko, kwenda na kurudi, chembe mpya nyingi ndogo zinazaliwa kwenye mipaka ya zile za zamani. Fanya hivyo kila baada ya kumaliza kufua, hata kama huoni tatizo.

Kisha matiko. Pasha sentimita 5 au 6 za ncha tu. Sumaku ikiacha, ongeza mpaka rangi ipande kidogo, nyekundu ya kung'aa isiyofika machungwa, nyuzi 840 hadi 860. Iache hapo dakika mbili tatu. Mafuta yawe kwenye debe la bati, siyo ndoo ya plastiki, lita 5 au zaidi, yamepashwa mpaka nyuzi 50 au 60, kwa sababu mafuta ya baridi ni mazito na hayazunguki. Zamisha ncha wima, ichezeshe juu na chini, usiizungushe kando. Kuchezesha juu na chini pia kunafanya mpaka wa kilichozama na kilichobaki nje usiwe mstari mmoja mkali ambapo tindo itakatikia. Ukiitoa ikiwa bado ya uvuguvugu, pitisha tupa. Tupa ikiteleza bila kukwaruza, umefanikiwa.

Usiilaze hivyo mpaka kesho. Martensiti mbichi inaweza kupasuka ikiwa imelala tu mezani. Ndani ya saa moja ipashe tena kwa moto mdogo ili kaboni kidogo itoke na ule mvutano ulegee. Sugua ncha kwa msasa mpaka ing'ae, pasha kutokea nyuma ya ncha, tazama rangi zinavyotembea kuelekea mbele: manjano hafifu nyuzi 220, manjano iliyokolea 240, kahawia 260, zambarau 280, bluu 300. Kwa tindo ya mawe, zambarau ikifika nchani zima kwenye maji.

---

Springi_Nyakato

Mhunzi kaeleza vizuri. Naongeza jambo linalosahaulika: springi ya kuukuu imeshachoka. Imepanda na kushuka mamilioni ya mara na mara nyingi ina nyufa ndogo tayari, hasa pale palipokwanguka rangi na kuota kutu. Ufa huo ukiingia kwenye matiko, hata mafuta hayataokoa.

Kabla ya kufua safisha kipande kwa brashi ya waya, kipake mafuta ya taa, subiri robo saa, kifute kikauke kabisa, halafu kipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kipande hicho usikitumie.

Aina nazo zinatofautiana. Springi za bapa za malori mara nyingi ni za kromi na manganisi, kama SUP9 ya Kijapani au 5160 ya Kimarekani. Koili za gari ndogo mara nyingi ni za silikoni na kromi. Msichanganye kwenye rundo moja, maana hazipikwi sawa.

---

nyundo_Igogo

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa kwa nini maji yanapasua. Yamebaki mambo mawili ya utendaji. Rangi ya chuma inaonekana tofauti asubuhi na saa saba mchana, je, hakuna alama nyingine? Na mafuta: bila kipimajoto nitajuaje yamefika 50 au 60? Halafu mafuta machafu ya injini hamjayagusa.

---

maabara_ya_uani

Nianze na masahihisho mawili kwa Mhunzi, kwa heshima, kisha nijibu.

La kwanza ni sumaku. Watu wanasema chuma kinaacha sumaku kwenye nyuzi 770 na kwamba hapo ndipo mpangilio umebadilika. Ni vitu viwili. Nyuzi 770 ni pale feriti inapopoteza usumaku wake, na mpangilio wa atomu hausogei hata kidogo. Chuma tupu kinabadilisha mpangilio baadaye, kwenye 912. Osteniti kwa upande wake haivutwi na sumaku kwenye joto lolote la tanuri. Bahati yetu ni kwamba kwenye chuma cha kaboni 0.6 feriti ya mwisho inaisha karibu na nyuzi 750 hadi 770, kwa hiyo mambo hayo mawili yanakutana na sumaku inakuwa shahidi mzuri. Kwa nondo sumaku itakudanganya: itaacha kuvuta wakati feriti nyingi bado ipo.

La pili ni ile zambarau ya mwisho. Kwa koili yenye silikoni sawa, kwa sababu silikoni inachelewesha sementiti kujitenga. Kwa springi ya bapa ya lori si sawa. Chuma cha aina hiyo kikipashwa upya kati ya nyuzi 260 na 370 hivi, sementiti inajipanga kama vijikaratasi ndani ya martensiti na chuma kinakuwa dhaifu kwa pigo, ingawa kimelainika. Yaani umepunguza ugumu bila kupata uvumilivu. Kwa springi ya bapa ishia manjano iliyokolea, 240 au 250 mwisho. Tena rangi peke yake inategemea na muda pia. Njia ya uhakika ni karai la mchanga mkavu juu ya jiko la mkaa, kipimajoto cha waya kimezikwa kando ya tindo, saa nzima, poza, halafu saa nyingine.

Sasa alama. Fanyia kazi kivulini au jioni, kamwe si juani. Juani jicho linaona wekundu hafifu kuliko ulivyo, mfuaji anaongeza moto, na chembe zinakua. Kivulini kuna alama ambayo ukishaijua hutaiacha. Chuma kinapovuka badiliko kwenda juu kinameza joto bila kupanda, kama sufuria ya maji inavyokwama kwenye kuchemka. Utaona kivuli chepesi, kama doa la wingu, kinatembea ndani ya wekundu kutoka kingo nyembamba kwenda kwenye unene. Kivuli kikiisha na rangi ikawa moja, umevuka. Ukikitoa na kukiacha hewani utaona kinyume chake: wekundu unafifia, unafifia, halafu ghafla unang'aa tena kwa muda mfupi bila moto wowote. Hilo ni joto lililomezwa, linarudishwa. Mrusi Dmitry Chernov alieleza vituo hivi vya chuma mwaka 1868 akichunguza mizinga iliyokuwa inapasuka, na alikuwa anasoma rangi kwa macho.

Kuhusu mafuta: mtindo wa haraka ni kupasha kipande cha chuma chakavu na kukizamisha. Kilo 1 ya chuma kutoka nyuzi 850 inatoa joto la takriban kilojuli 500, nayo inapandisha lita 10 za mafuta kwa nyuzi 25 au zaidi kidogo. Mafuta ya Mwanza yaliyokaa ndani ya nyumba yana nyuzi 25 hivi, kwa hiyo kipande kimoja cha kilo kinatosha kwa lita 10. Ukigusa debe kwa nje unaweza kuweka kiganja ila huwezi kukiacha. Kipimajoto cha jikoni ni bora kuliko kiganja. Ncha yako iliyopashwa ina gramu 70 au 80 tu, inapandisha lita 5 kwa nyuzi 4 hivi. Baada ya tindo 10 mfululizo umeongeza nyuzi 40, pumzisha.

Mafuta machafu ya injini achana nayo. Yana masizi, mabaki ya vyuma na mara nyingi maji. Moshi wake unaingia kifuani, na yale maji kidogo chini ya debe yakiguswa na chuma chekundu yanageuka mvuke mara elfu na zaidi ya ujazo wake na kurusha mafuta yanayowaka usoni. Mafuta ya mbegu za pamba yanafaa sana na Kanda ya Ziwa hayakosekani. Alizeti au mawese pia yanafaa. Weka mfuniko wa bati karibu, mafuta yakishika moto yafunike. Usimwagie maji hata kidogo.

---

Mhunzi_Mabatini

Nakubali kuhusu springi ya bapa, @maabara_ya_uani yuko sahihi. Niliandika nikiwa na koili ya mleta mada akilini, na koili za silikoni zenyewe zipelekeni karibu 860 badala ya 840.

Kuna kosa la kwenye kunoa pia. Tindo ikishapata matiko, ukiinoa kwenye jiwe la umeme mpaka ukingo ukaonyesha bluu, matiko ya ukingo huo yameshatoka, na kuizamisha majini baada ya bluu hakurudishi kitu. Noa sekunde chache, chovya, noa, chovya.

---

MwambaNaMchanga

Naingia kwenye swali la jiwe, maana na huko kuna badiliko la hali, tena linafanana na la chuma kuliko watu wanavyodhani.

Itale ni mchanganyiko wa madini matatu unayoyaona kwa macho: feldspari nyeupe au ya waridi, mika nyeusi inayometa, na kwazi, zile punje za kijivu zinazofanana na kioo chenye moshi. Kwazi mara nyingi ni robo hadi theluthi ya jiwe. Kwenye joto la kawaida atomu zake zimepinda kidogo, kwenye nyuzi 573 zinanyooka ghafla. Hakuna kifungo kinachokatika wala hakuna kinachoyeyuka, ni pembe tu zinafunguka. Mfaransa Henri Le Chatelier ndiye aliyeliona badiliko hili mwaka 1889.

Shida ni ujazo. Kutoka joto la kawaida hadi 573 kwazi inatanuka kwa asilimia 4 hadi 5, na kasi inakuwa kubwa kadiri inavyokaribia joto hilo. Feldspari iliyoikumbatia inatanuka chini ya nusu ya hapo. Punje zimeshikana bega kwa bega, mmoja anavimba, jirani havimbi. Nyufa ndogo zinaanza kabla hata ya 573, na ukivuka hapo zinaungana. Jiwe likipoa kwazi inarudi umbo lake la awali, lakini nyufa hazirudi.

Itale inapitisha joto polepole, kwa hiyo moto wa saa nzima unapenya kwa ukali sentimita chache tu. Tabaka la juu linataka kutanuka, la chini lililo baridi linalizuia, basi la juu linabanduka kama ganda la mkate. Ndiyo sababu moto unatoa vibamba vinavyofuata uso wa mwamba, na haukupi tofali la mraba hata uwashe mchana kutwa. Maji ya ghafla yanaongeza nyufa za juu, lakini vipande vinaruka na mvuke unaunguza. Jiwe lenye unyevu ni hatari zaidi: maji yaliyo ndani ya vitundu vyake yakigeuka mvuke hayana pa kutokea. Ndiyo maana jiwe lililookotwa ufukweni mwa ziwa halifanywi figa siku hiyohiyo.

Kokoto zake: kwa zege la nguzo na boriti, hapana. Kokoto iliyovuka 573 ina nyufa zisizoonekana, inanyonya maji zaidi na inavunjika kwa mzigo mdogo. Itumie kujazia njia au chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, ambako hakuna mzigo mkubwa. Kuitambua si vigumu. Gonga jiwe zima kwa nyundo ndogo, linaitika kwa mlio mkavu wa juu. Gonga lililochomwa, linajibu kama chungu chenye ufa. Mara nyingi lina wekundu pia, kwa sababu chuma kilichomo kimeoksidika, na ukilisugua kwa kidole gumba punje zinang'oka.

Wanaochoma kwa matairi waache. Moshi ule una salfa na masizi, unashuka kwenye nyumba za chini ya mlima ambako watoto wamelala.

Njia inayoheshimu jiwe ni kabari. Toboa mashimo ya milimita 20 kwenye mstari mmoja, kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 10 hadi 20 kati ya shimo na shimo. Kila shimo weka vibati viwili na kabari katikati. Gonga kabari zote kwa zamu, pigo moja moja, kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu rudia. Baada ya raundi kadhaa mlio unabadilika na kushuka, hapo acha kugonga, subiri dakika kumi. Jiwe linaendelea kupasuka lenyewe. Anayeharakisha anapata mpasuko unaokimbilia kando.

Kokote mnakotoboa, dondoshea maji kwenye shimo na vaa barakoa nzito, siyo kitambaa. Vumbi hilo ni kwazi ileile. Likiingia kwenye mapafu halitoki, na makovu yake hayana tiba.

---

nyundo_Igogo

Wakuu nimeshiba. Moja la mwisho: kichwa cha tindo, pale panapogongwa na nyundo. Kwa kuwa zilikuwa zinazamishwa zote, kichwa nacho kilikuwa kigumu. Kiachwe laini kabisa? Maana kikiwa laini kinachanua kama uyoga.

---

Mhunzi_Mabatini

Kiache laini, mkuu. Nyundo ni ngumu, kichwa kikiwa kigumu nacho, vyuma viwili vigumu vikigongana kinaruka kipande chenye kasi ya kutosha kuingia jichoni. Kama tindo zako za zamani bado zipo na vichwa vina matiko, pasha kichwa peke yake mpaka kiwe chekundu, kizike kwenye jivu la pumba za mpunga usiku kucha, ncha ikiwa nje na imefungwa kitambaa chenye maji ili matiko yake yasiguswe.

Kuchanua kama uyoga ni kawaida ya kichwa laini. Kabla hakijachanua, kata kingo zake kwa mshazari wa milimita 2 kuzunguka. Kikishachanua na ukaona midomo imepasuka, inoe yote mpaka chuma safi. Ile midomo iliyojikunja ndiyo inayoruka. Tindo ya sentimita 25 ina nafasi ya kunolewa kichwa mara nyingi kabla haijawa fupi mno kwa mkono.